Haramia akishakamatwa, nani mwenye mamlaka ya kumhukumu?

Barua nne tulizozichagua kwa toleo hili zinahusu jambo moja, na tumeziweka pamoja ili majibu yake yasaidiane.

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Mwaka 2010 nilikuwa nikisomea sheria, na nilikuwa nikizifuatilia kesi za Wasomali walioletwa Mombasa na manowari za kigeni. Kilichonishangaza ni kwamba hoja nzito ya utetezi haikuwa kwamba washtakiwa hawakutenda, bali kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu ya jambo lililotendeka bahari kuu. Mimi nilifundishwa kwamba haramia ni adui wa wanadamu wote na kwamba taifa lolote linaweza kumhukumu. Je, enzi za ukoloni aliyemkamata haramia ndiye aliyemnyonga? Na kwa nini Kapteni Kidd alikamatwa Boston akanyongwa London? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu msomaji, hata zama hizo kumkamata mtu na kuwa na haki ya kumhukumu yalikuwa mambo mawili tofauti, na maharamia wengi waliponea katika mwanya uliokuwapo kati ya mambo hayo mawili. Usemi wa "adui wa wanadamu wote" ni wa zamani, una mizizi yake katika maandishi ya Kirumi, na waendesha mashtaka walipenda kuutamka kwa kishindo. Lakini hakimu aliyeketi kitini alihitaji kitu kingine kabisa, nacho ni karatasi yenye muhuri inayoeleza ameteuliwa na nani, aketi wapi, na asikilize kesi za namna gani. Asipokuwa nayo, kumnyonga haramia kungekuwa mauaji tu kama mauaji mengine.

Kwa Waingereza mambo yalianzia mwaka 1536, enzi za Mfalme Henry wa Nane. Kabla ya hapo maharamia walifikishwa mbele ya mahakama ya Admirali, yaani mahakama ya mambo ya bahari, ambayo ilifuata sheria zilizotokana na Roma wala si desturi za mahakama za kawaida za Uingereza. Kwa sheria hizo mtu hakuweza kupewa adhabu ya kifo mpaka akiri mwenyewe, au wapatikane mashahidi wasio na upande waliomwona kwa macho yao akitenda. Utangulizi wa sheria ya 1536 unalieleza tatizo hilo bila kificho: haramia hakiri mpaka ateswe, na mashahidi hupatikana kwa bahati tu, kwa kuwa mara nyingi waliokuwamo chomboni wamekwisha kuuawa, na waliosalia ni mabaharia ambao hawakai mahali pamoja. Bunge likaamua kwamba kuanzia hapo maharamia wahukumiwe na makamishna wa mfalme, katika wilaya yoyote ya Uingereza watakayopangiwa, kwa utaratibu wa kawaida wa nchi kavu na mbele ya waapishwaji kumi na wawili, yaani juri.

Sheria hiyo ilikuwa na maana nzuri, ila ilitungwa kwa ajili ya nchi ambayo bado haikuwa na makoloni ng'ambo ya Atlantiki. Miaka mia moja na nusu baadaye Waingereza walikuwa na miji Jamaica, Boston, New York na Charleston, na maharamia walikuwa wakikamatwa huko, ilhali sheria iliwajua makamishna wa Uingereza tu. Gavana aliyetaka kuifuata sawasawa alipaswa kuwatia mahabusu pingu, kuwapakia melini pamoja na mashahidi na mali iliyoibwa, na kuwavusha bahari nzima. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Baadhi ya makoloni yalijitungia sheria zake, lakini huko nako waapishwaji walikuwa majirani na wateja wa haohao maharamia, waliowauzia hariri na viungo kwa bei ya chini. Gavana Benjamin Fletcher wa New York alituhumiwa waziwazi kwamba aliwauzia hati za ulinzi mabaharia waliorudi kutoka Bahari ya Hindi, kila mtu na bei yake.

Kilichovunja ukimya ni tukio lililotokea upande wetu wa dunia. Septemba 1695 Henry Every, baharia Mwingereza, aliiteka meli kubwa iliyoitwa Ganj-i-Sawai, mali ya Sultani Aurangzeb wa India, ilipokuwa ikirejea Surat kutoka Bahari ya Shamu. Ndani yake mlikuwa na mahujaji waliotoka Makka. Watu wa Every waliwatesa abiria kwa siku kadhaa ili waonyeshe walikoficha dhahabu, wakawanajisi wanawake, kisha wakatawanyika na ngawira yao. Aurangzeb hakuhitaji kitabu cha sheria za bahari ili kupata mtu wa kumdai. Alikuwa na Waingereza nchini mwake: wafanyabiashara wa Kampuni ya India ya Mashariki walioko Surat walitiwa minyororo kwa miezi mingi, maghala yao yakafungwa, wakaambiwa wenzao ndio waliofanya. Kwa mtazamo wangu hayo nayo yalikuwa mamlaka, tena yaliyofanya kazi haraka kuliko ya London.

Every mwenyewe hakupatikana, lakini baadhi ya mabaharia wake walikamatwa, na tarehe 19 Oktoba 1696 walipandishwa kizimbani Old Bailey, London. Serikali ilitaka Aurangzeb aone. Jaji wa Admirali, Sir Charles Hedges, aliwaeleza waapishwaji kwamba uharamia ni jina la kibaharia tu la wizi wa kutumia nguvu, na kwamba mfalme wa Uingereza, kwa ubia na wafalme wengine, anayo mamlaka ya kuuadhibu hata katika bahari za mbali kabisa. Waapishwaji wakasikiliza, wakajadiliana, wakawaachia huru washtakiwa wote waliokana shtaka! Hedges na wenzake hawakuamini masikio yao. Siku kumi na mbili baadaye watu walewale walirudishwa mbele ya waapishwaji wapya kwa shtaka jingine, la kuasi na kuiiba meli yao wenyewe, Charles, katika bandari ya La Coruña, Hispania, mwaka 1694. Safari hii walipatikana na hatia, na watano wakanyongwa tarehe 25 Novemba. Angalia, ndugu yangu, kilichowanyongesha: si mahujaji wa Ganj-i-Sawai, ambao ndio waliosababisha kesi yote, bali meli ya Waingereza wenzao. Utetezi wa leo ungepata mengi ya kusema juu ya mtu kushtakiwa mara mbili.

Sasa tufike kwa Kidd. Mwaka 1696 William Kidd alitoka Uingereza na merikebu Adventure Galley, yenye mizinga 34, akiwa na hati mbili za Mfalme William wa Tatu: moja ya kuwakamata maharamia, nyingine ya kuziteka meli za Wafaransa, kwa kuwa nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Mwaka uliofuata alipita visiwa vya Komoro, akaipandisha merikebu ufukoni Mwali ili ikwanguliwe na kutiwa kalafati, na maradhi yakamuulia mabaharia wengi pale. Oktoba 1697 aligombana na mpiga mizinga wake, William Moore, akampiga kichwani kwa ndoo ya mbao yenye pete za chuma, na Moore akafa siku ya pili. Januari 1698 akaiteka Quedagh Merchant kwenye pwani ya Malabar. Meli hiyo ilikuwa imebeba mali ya wafanyabiashara wa Kiarmenia na nahodha wake alikuwa Mwingereza, lakini ilisafiri kwa kibali cha Kifaransa, na Kidd alikishikilia kibali hicho kama ushahidi kwamba ngawira yake ilikuwa halali.

Kidd aliporudi Marekani, Bellomont, gavana wa New York na Massachusetts, alimwandikia barua ya kumtia moyo aje Boston, na Julai 1699 akamtia ndani. Bellomont alikuwa mmoja wa wakubwa walioiwezesha safari ya Kidd kwa fedha, kwa hiyo aliyemfunga alikuwa mbia wake. Hata hivyo, alipotazama sheria za Massachusetts aliona kwamba koloni hilo halikuwa na adhabu ya kifo kwa uharamia. Hiyo ndiyo sababu ya safari uliyoiulizia, ya Boston hadi London: gavana alikuwa na mtuhumiwa na gereza, lakini hakuwa na sheria ya kufikia kitanzi. Mwaka 1700 Kidd alisafirishwa na manowari Advice, akakaa zaidi ya mwaka mzima katika gereza la Newgate, na Mei 1701 akahukumiwa Old Bailey, kwanza kwa kumuua Moore, kisha kwa uharamia.

Kizimbani alililia jambo moja, vibali vya Kifaransa vilivyochukuliwa kutoka kwake, na havikuletwa. Majaji walimjibu kwamba hata kama vilikuwapo, ngawira haiwi halali kwa neno la nahodha. Ilimpasa aipeleke meli mbele ya mahakama ya Admirali ili itangazwe kuwa ngawira, naye aliwagawia mabaharia mali hiyo bila hukumu yoyote. Kwa hiyo tofauti kati ya haramia na nahodha mwenye hati ya mfalme ilikuwa mahakama aliyoipita mlangoni asiingie. Alinyongwa Wapping tarehe 23 Mei 1701. Kamba ilikatika mara ya kwanza, akapandishwa tena, na maiti yake ikatundikwa ukingoni mwa mto Thames. Vibali vyake vilipatikana katika kumbukumbu za serikali mjini London mwanzoni mwa karne ya 20.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, ninafundisha historia sekondari. Nimesoma kwamba baada ya Kidd maharamia walianza kunyongwa hukohuko makoloni na hata Afrika Magharibi. Ni sheria gani iliyoruhusu, na je, aliyewakamata aliweza kuwa hakimu wao? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, sheria unayoiulizia ilipitishwa na Bunge la Uingereza mwaka 1700, ingawa vitabu vya sheria huiita ya mwaka 1698. Iliruhusu mahakama ya Admirali iitishwe popote ng'ambo, nchi kavu au melini, ikiwa na watu wasiopungua saba, ambao angalau mmoja wao awe mtu wa cheo: gavana au naibu wake, mjumbe wa baraza lake, kamanda wa manowari, au mkuu wa kituo cha biashara. Wakipungua saba, nafasi zilizobaki zilijazwa na wafanyabiashara, wenye mashamba au maofisa wa meli. Hukumu ilikatwa kwa wingi wa kura, na waapishwaji hawakuwapo. Bunge lilikuwa limewakumbuka watu wa kesi ya Every, na pia majirani wema wa Boston na New York. Koloni ambalo lingekataa kuitii sheria hiyo lilitishiwa kunyang'anywa hati yake ya kujitawala.

Boston iliijaribu mwaka 1704. John Quelch aliondoka Massachusetts na meli iliyoruhusiwa kuwateka Wafaransa na Wahispania, akashuka hadi pwani ya Brazili akapora meli za Wareno, na kumbe Wareno walikuwa wamefanya mapatano ya urafiki na Uingereza mwaka 1703. Alirudi nyumbani na dhahabu, akakamatwa, akahukumiwa bila waapishwaji katika mji uliozoea kuwa nao, kwa ushahidi wa mabaharia wenzake waliosamehewa ili waseme. Tarehe 30 Juni alinyongwa pamoja na wengine watano. Alipokuwa chini ya mti wa kunyongea aliwaonya watazamaji wajihadhari wanapoleta fedha New England, wasije wakanyongwa kwa ajili yake, na sidhani kama wakili yeyote aliieleza vizuri zaidi.

Kesi kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa Cape Coast Castle, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Februari 1722 manowari Swallow, chini ya Kapteni Chaloner Ogle, iliwafuma watu wa haramia Bartholomew Roberts karibu na Cape Lopez, Gabon ya leo. Roberts aliuawa na risasi za mzinga na watu wake wakajisalimisha. Ogle aliwapeleka Cape Coast, na mahakama ikafunguliwa tarehe 28 Machi. Hapa ndipo swali lako linapojibiwa: Ogle hakuketi. Yeye ndiye aliyewakamata, na kiti cha rais wa mahakama kikakaliwa na kapteni wa manowari nyingine, Mungo Herdman wa Weymouth. Kila kamishna aliapa pia kwamba hana maslahi yoyote, ya moja kwa moja au ya kupitia mtu, katika meli wala bidhaa zilizoporwa.

Ukiishia hapo utasema haki ilitendeka, lakini tazama waliokuwa mezani. Miongoni mwao alikuwamo James Phipps, mkuu wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika katika ngome hiyo, na kampuni hiyo ndiyo iliyoumizwa zaidi na Roberts katika biashara yake ya watumwa. Watu wapatao 20 walipunguziwa adhabu ya kifo wakapewa utumishi wa miaka saba, na mwajiri wao akawa kampuni ileile. Wazee wetu waliliita jambo hili kesi ya ngedere kumpa nyani. Watu 52 walinyongwa nje ya kuta za ngome, wengine walipelekwa gereza la Marshalsea huko London, na zaidi ya 70 waliachiwa huru. Kipimo cha majaji kilikuwa kimoja: je, mtu huyu alilazimishwa, au alitia sahihi mkataba wa maharamia na kupokea fungu lake? Baharia ambaye hakupokea kitu, na ambaye wenzake walikuwa tayari kuapa kwamba alilia siku aliyochukuliwa, alikuwa na nafasi ya kupona.

Katika meli za Roberts mlikuwa pia na Waafrika zaidi ya 70. Hao hawakuulizwa kama walilazimishwa au walijiunga kwa hiari. Hawakusomewa shtaka wala hawakuingia ukumbini, waliuzwa utumwani. Mwalimu, ukiwafundisha wanafunzi wako habari za mamlaka ya mahakama katika enzi hiyo, naomba usiiache sehemu hii, kwa sababu inaonyesha kwamba hata kizimba kilikuwa na watu wake.

SWALI: Mhariri, hongera kwa kazi. Mimi swali langu ni fupi: koloni moja liliweza kuingia maji ya koloni jingine kumkamata haramia? Na Wafaransa walifanyaje? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Liliweza, na likalaumiwa. Novemba 1718 gavana Alexander Spotswood wa Virginia alimtuma Luteni Robert Maynard hadi Ocracoke, North Carolina, kumtafuta Blackbeard, ambaye jina lake ni Edward Teach. North Carolina haikuwa ya Spotswood. Ilikuwa na gavana wake, Charles Eden, ambaye miezi michache nyuma alimpokea Blackbeard na kumpa msamaha wa mfalme. Tena, Blackbeard alipoleta meli ya Kifaransa iliyojaa sukari na kudai kwamba aliikuta baharini haina mtu, mahakama ya Eden ilikubali kwamba imeokotwa, na mapipa 60 ya sukari yakawa ya gavana, na 20 ya katibu wake, Tobias Knight. Mahakama ya namna hiyo kazi yake ilikuwa kuitakasa mali ya wizi. Maynard alimuua Blackbeard tarehe 22 Novemba na kurudi na kichwa chake kikining'inia mbele ya chombo, na waliobaki hai wakahukumiwa Williamsburg, mji mkuu wa Virginia. Eden alilalamika kwamba mipaka yake imevunjwa, lakini kwa mizigo ile ya sukari ghalani malalamiko yake hayakupata wa kuyahurumia.

Wakati huohuo Charleston ilikuwa ikimhukumu Stede Bonnet, mwenzake Blackbeard, kwa njia tofauti kabisa. South Carolina ilikuwa imeichukua ile sheria ya 1536 na kuiingiza katika sheria zake mwaka 1712, kwa hiyo Bonnet alipata waapishwaji. Waapishwaji hao walimtia hatiani, naye akanyongwa Desemba 1718. Watu wa Charleston walikuwa wamechoka na maharamia, kwa kuwa mwaka huohuo Blackbeard aliwafungia bandari.

Wafaransa nao walikuwa na mfano karibu na kwetu, katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Olivier Levasseur, aliyeitwa La Buse, alinyongwa Saint-Paul tarehe 7 Julai 1730. Mwaka 1721 yeye na wenzake waliiteka meli ya Kireno Nossa Senhora do Cabo iliyokuwa imetia nanga kisiwani hapo, ikitengenezwa baada ya dhoruba. Kwa kuwa kosa lilitendeka bandarini mwao, mahakimu wa Bourbon hawakuwa na haja ya kuzungumzia adui wa wanadamu wote. Walimhukumu kama mwizi aliyeingia uani kwao.

SWALI: Assalaam aleikum, ndugu mhariri. Mimi ni Mwarabu niliyezaliwa Unguja na sasa naishi Maskati. Huku Ghuba wazee hukasirika wakisikia Waingereza waliiita pwani ya jirani zetu "pwani ya maharamia". Ni mahakama gani iliyowahukumu watu wale? (Msomaji, Maskati)

JIBU: Waaleikumu salaam. Wazee wana haki ya kukasirika, maana katika Ghuba jina lilitangulia na sheria ikafuata nyuma. Waqawasim, Waarabu wa Ras al-Khaimah na Sharjah, walikuwa na vyombo vyao, masheikh wao na vita vyao. Waliamini wanapigana na adui, na miongoni mwa maadui hao alikuwa Sayyid Said bin Sultan wa Maskati, ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja. Waingereza walisema ni uharamia. Hawakuwapeleka mbele ya jaji. Walituma majeshi mwaka 1809 na tena mwaka 1819, mara zote mbili Maskati ikiwa upande wao, wakaichoma Ras al-Khaimah na vyombo vyake, kisha Januari 1820 Jenerali William Keir Grant akawawekea masheikh mkataba watie sahihi.

Mkataba huo ni wa kusomwa kwa makini, kwa sababu ndani yake ndimo lilimowekwa jibu la swali ambalo mahakama za Boston na London zilikuwa zikilijibu kesi kwa kesi. Kifungu cha pili kinasema kwamba vita vinavyotambulika ni vile vinavyotangazwa na kuamrishwa na serikali dhidi ya serikali, na kwamba kuua watu na kuchukua mali bila tangazo na amri hiyo ni uporaji na uharamia. Kifungu cha tatu kinaweka bendera nyekundu yenye ukingo mweupe kwa Waarabu waliopatana. Cha tano kinataka kila chombo kiwe na daftari lenye sahihi ya sheikh, likionyesha jina la chombo na ukubwa wake, na tena hati ya kutokea bandarini yenye jina la mwenye chombo, jina la nahodha, idadi ya watu na silaha, bandari kilikotoka na kinakokwenda. Kikikutana na manowari ya Waingereza, nahodha atoe karatasi hizo. Hebu mfikirie mzee aliyekuwa akisafiri kwa nyota na upepo wa kaskazi tangu ujana wake, leo akiambiwa kwamba asipokuwa na karatasi ataonekana haramia. Kidd alikuwa na karatasi zikapotea. Huyu hakuwahi kuwa nazo.

Kifungu cha tisa kinatugusa sisi wa pwani: kinasema kwamba kuwachukua watumwa, wanaume, wanawake au watoto, kutoka pwani za Afrika au kwingineko na kuwasafirisha kwa vyombo ni uporaji na uharamia. Mtu akikisoma leo atadhani biashara ya watumwa ilikomeshwa Ghuba mwaka 1820. Haikukomeshwa. Waingereza wenyewe walikichukulia kifungu hicho kuwa kinakataza kuteka watu kwa nguvu, si kuwanunua sokoni, na majahazi yakaendelea kupakia Unguja na Kilwa kwa miongo mingi.

Namalizia kwa msomaji wa Mombasa aliyeanzisha mazungumzo haya, maana nilimwachia sehemu moja ya swali lake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilitungwa mwaka 1930, chini ya ukoloni, na kifungu chake cha 69 kilifanya uharamia kuwa kosa, uwe umetendeka katika maji ya nchi au bahari kuu. Lakini kifungu cha 5 cha kanuni hiyohiyo kilisema kwamba mamlaka ya mahakama yanafika mpaka mwisho wa maji ya Kenya. Vifungu hivyo viwili vilikaa pamoja kwa takriban miaka 80 bila kusumbuana. Machi 2009 watu tisa walikamatwa na manowari ya Ujerumani katika Ghuba ya Aden, baada ya meli ya mizigo Courier kushambuliwa, wakaletwa Mombasa na kushtakiwa kwa kifungu cha 69. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria mpya ya usafiri wa meli na kukifuta kifungu hicho, huku kesi ikiendelea. Novemba 2010 Jaji Mohammed Ibrahim wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 5 ndicho kinachotawala, na kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka juu ya lililotendeka nje ya maji yake. Hiyo ndiyo hoja uliyoisikia ulipokuwa mwanafunzi. Tarehe 18 Oktoba 2012 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, ikasema kwamba uharamia ni kosa ambalo taifa lolote linaweza kulihukumu na kwamba kifungu cha 5 hakikuwa kizuizi, na washtakiwa wakapaswa kurudi kujibu kesi yao katika mahakama ya chini.